Nani ameshika mkasi? Kusoma makava ya majarida na video za muziki

Haya jamani karibuni, walioko nyuma sogeeni huku mbele viti bado vipo, mi sauti yangu sio ya kupayuka. Nimeombwa niongee kuhusu uwakilishi na dizaini kwenye majarida na video za muziki, na najua mmezoea mtu akisimama hapa kwa mada kama hii anasema wanawake wanadhalilishwa, Waafrika tunaonyeshwa vibaya, mnapiga makofi tunaenda kunywa soda. Hayo sibishi. Ila hayakusaidii kitu saa nane usiku ukiwa mbele ya kompyuta, picha ya mtu imefunguka, unatakiwa uikate iingie kwenye kava na bosi anakupigia simu. Kwahiyo leo nataka tuangalie hicho kitendo chenyewe cha kukata, maana hamna picha iliyowahi kukufikia nzima, kila ukurasa na kila shoti kuna mtu kaamua kipi kibaki na kipi kiende, na mi nasema uwakilishi unaamuliwa hapo kuliko kwenye mada.

Tuanze na dada yetu Lupita Nyong'o, mwigizaji wa sinema, Novemba 2017, kava la jarida la Grazia la Uingereza. Hii ni zawadi kwa mwalimu yeyote maana mwenyewe aliweka Instagram picha zote, ya kabla na ya baada, unaziweka pembeni kwa pembeni unaangalia. Kabla, nywele zake zimevutwa nyuma zikafungwa, af nyuma ya kichwa kuna fundo zuri la nywele za kipilipili limejaa. Baada, fundo hamna. Limefutwa. Na zile nywele za mbele kwenye paji zimelainishwa mpaka kichwa kinaonekana kama kimepakwa rangi. Lupita akasema wazi kwamba wamemkata nywele ili aingie kwenye kipimo cha Kizungu cha nywele nzuri, jarida likasema halikuagiza hayo mabadiliko wala halikuyafanya, mpiga picha An Le akaomba msamaha. Na mwezi mmoja tu kabla yake jarida la gazeti la Evening Standard la London lilimfutia mwimbaji Solange taji la nywele alizosukwa kichwani, Solange huyu ambaye ana wimbo wa kukataza watu wasiguse nywele zake.

Sasa kasirikeni kidogo af tulieni tuangalie kama mafundi. Mtu wa dizaini anaweza kukutetea ile kazi bila kutaja rangi ya mtu hata mara moja. Atakwambia fundo linavunja mstari wa kichwa, linaiba nafasi ya maandishi, jicho la msomaji linatakiwa liende usoni halafu kwenye jina la jarida basi. Yote yanasikika kama ufundi! Na hapo ndo penye kazi, kwa sababu hamna kikao ambacho mtu anasimama anasema jamani tumpunguzie Uafrika huyu, kinachosemwa ni "safisha kidogo". Neno safisha hilo mlichunge, siku ukiambiwa safisha picha uliza kwani uchafu ni upi.

Kuna Mfaransa mmoja mwandishi, mchambuzi wa picha na utamaduni, anaitwa Roland Barthes, wengine mmemsoma kwa kulazimishwa mtihani (kicheko), yeye alikuwa kwa kinyozi miaka ya 50, akapewa jarida la Paris Match asome. Kwenye kava, la mwaka 1955, kuna kijana mweusi mdogo kavaa sare za kijeshi za Kifaransa, anapiga saluti, macho juu. Barthes akasema maana inayotangazwa pale ni kwamba Ufaransa ni dola kubwa, watoto wake wote wa kila rangi wanaitumikia kwa uaminifu, kwahiyo wanaolalamikia ukoloni wanyamaze. Kila mtu anaishia hapo. Mi kinachonivutia ni kwamba bendera yenyewe kwenye kava haipo. Barthes mwenyewe anasema pengine kijana anaitazama bendera, pengine! Ipo nje ya fremu, sisi ndo tunaiweka. Na mwaka huo vita ya Algeria ilishaanza tangu Novemba 1954, nayo haipo. Kava limekata kila kitu likabakiza mkono, kofia na macho.

Twendeni Afrika Kusini sasa maana huku ndo kutamu. Jarida la Drum. Wazee wenu wengine wanalikumbuka kwa sababu lilikuja kuwa na toleo la Afrika Mashariki pia. Lilianza 1951 Cape Town kwa jina la The African Drum, na mwanzoni lilijaa machifu, ngoma za makabila, hadithi za kale, yaani Mwafrika kama Mzungu mwenye nia njema anavyomfikiria. Halikuuzika. Likahamia Johannesburg, mhariri akawa kijana wa Kiingereza Anthony Sampson, na yeye akafanya kitu ambacho maofisini kwetu bado ni kigumu, akaenda kuuliza wasomaji. Wakamwambia hatutaki machifu wako bwana, tupe muziki wa jazi na mastaa wa sinema. Basi jarida likageuka, kava zikawa za wadada wa mjini, waimbaji, mabondia, suti, na humo humo ndani unakutana na habari nzito, mwandishi wao Henry Nxumalo anafichua mateso ya vibarua kwenye mashamba ya Bethal, 1952.

Chukua picha moja ya enzi hizo. Dolly Rathebe, mwimbaji, kavaa bikini kakaa juu ya lundo la mchanga wa mgodi nje ya Johannesburg. Ukiiona haraka unadhani ni ufukweni. Mpiga picha alikuwa Jürgen Schadeberg, Mjerumani, na wakiwa kule juu polisi wakawakamata wakidhani ni wapenzi, mweupe na mweusi, sheria ilikuwa inakataza. Sasa itazame tena. Mtu mweusi wa Johannesburg hana bahari karibu, na hata angefika baharini fukwe zilikuja kutengwa kwa rangi, kwahiyo picha inamtengenezea dada ufukwe kwa taka za dhahabu aliyochimba baba yake au jirani yake. Mgodi umekatwa umebaki mchanga. Safari hii kukata kunampa mtu kitu badala ya kumnyang'anya, ndo maana nasema mkasi peke yake sio mbaya, suala ni uko mkononi mwa nani na anamkatia nani.

Ila msilipende sana Drum mkasahau kufungua kurasa za ndani. Kava dada mweusi anang'aa, geuza kurasa, tangazo la mafuta ya kujichubua. Mkorogo wa dukani! Jarida moja, toleo moja. Tangazo ndo linalolipa karatasi, na mkimsoma mtu kava tu mkaacha matangazo mmesoma nusu ya jarida.

Miaka ya baadaye, 1997, Janet Jackson akatoa "Got 'Til It's Gone", video kaongoza Mark Romanek, na ile video imejengwa kwa kuangalia kurasa za Drum pamoja na picha za studio za wapiga picha Seydou Keïta na Malick Sidibé wa Bamako, Mali. Ikachukua Grammy ya video fupi mwaka uliofuata. Ni sherehe ya watu weusi ndani ya ukumbi enzi za ubaguzi wa Afrika Kusini, rangi za kahawia zenye joto, jasho, Janet ni mwimbaji wa ukumbini, nywele kazifunga vifundo, hana yale madansi yake ya mtindo wa kijeshi. Mwanamitindo Alek Wek yupo mle. Na watu wanakuangalia! Mtu anasimama katikati ya fremu anaitazama kamera kama vile alivyokaa kwenye kiti studio kwa Keïta, kaja na nguo zake, kalipa, anajua anapigwa picha. Kibao cha "Wazungu tu" kinaonekana, na chupa inarushwa. Mi naipenda mno hiyo video, ila nikuulize, Bamako na Johannesburg zina uhusiano gani? Zimechanganywa kwa sababu kwa mtu aliyeko Los Angeles zote ni Afrika ya zamani. Hata kazi nzuri ina hii kasoro, na ukiisema haimaanishi umeitupa.

Sasa linganisha na ya 2015, Taylor Swift, "Wildest Dreams", dairekta Joseph Kahn. Simba, twiga, ndege ya zamani, mapenzi ya waigizaji wawili wa sinema ya miaka ya 50 huku mbugani, na Waafrika weusi karibu huwaoni. Watu wakalalamika, na Kahn akajibu. Jibu lake ndo lulu, maana alisema watu weusi wapo kwenye video, kwenye shoti kadhaa, ila mara chache sana alikata kwenda kwenye nyuso za wafanyakazi kwa sababu muda karibu wote ni wa wale mastaa wawili. Umesikia? Hajakanusha kwamba nyuso zao ni chache, kaeleza editi. Walikuwepo lokesheni, ila kwenye kukata nyuso zao zikapata nafasi ndogo. Sifikirii ni mtu mbaya, pesa za ile video zilikuwa zinaenda kwenye hifadhi za Afrika. Simba wamepata mchango na wamepata shoti za karibu pia.

Kabla sijaja kwetu niguse taa, haraka. Kuna kukata kunakofanywa na mashine. Kwa miaka mingi maabara za Kodak, kampuni ya filamu za kamera, zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, waliziita kadi za Shirley, rangi ya ngozi yake ikitoka safi basi mashine imekaa sawa. Sisi tukitoka macho na meno tu, ilikuwa bahati yetu mbaya. Na kilichochangia Kodak kuboresha filamu ni malalamiko ya watengeneza chokoleti na fenicha kwamba kahawia zao hazitofautiani! Simu yako leo bado ina tabia hiyo kwa njia nyingine, kwenye auto inatafuta wastani wa mwanga wa fremu nzima, kwahiyo ukimsimamisha bibi harusi mweusi mbele ya ukuta mweupe inaona mwanga umezidi inashusha kila kitu, uso unazama. Watu wa video kutatua hilo wanampaka mtu poda tabaka tatu au wanamng'arisha kwenye kurekebisha rangi za video kompyutani mpaka anatoka wa njano. Wakati dawa ni kupima mwanga usoni, kuutoa ukuta mweupe, na kuleta taa kubwa laini kutoka pembeni ili ngozi iakisi. Haya ni mambo ya nusu saa.

Sasa Bongo. Sitataja wimbo wa mtu hapa maana mnawajua wenyewe na wengine mnafanya nao kazi. Fanyeni hivi, chukua video yoyote ya mapenzi, zima sauti kabisa, chora karatasi upande mmoja msanii upande mwingine dada aliyecheza naye, andika kila shoti imekata wapi. Kaka utamkuta kifuani kwenda juu, anaimba, anakuangalia. Dada anaanza na kisigino kinashuka kwenye gari, kucha kwenye glasi, kiuno, mgongo, uso ukija unakuja kumwangalia kaka au unaangalia pembeni. Hesabu sekunde ambazo uso wake uko mzima na anakutazama wewe. Mtashangaa. Na mkimaliza hapo angalieni kijiji, maana kikija kijiji kwenye video rangi inageuka vumbi, njano kahawia, mama kavaa kanga analia au anapika kuni, tukirudi mjini bluu na taa za neoni. Mi kwetu kijijini ni kijani kibichi mpaka unachoka, huyo fundi wa rangi za video anakitoa wapi hicho kijiji chake sijui.

Halafu sisi mjadala wetu siku zote unaishia kwenye nguo. Ni wa zamani, Oktoba 1968 Vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, kuanzia Januari 1969 sketi fupi, wigi, suruali za kubana, na mafuta ya kujichubua, marufuku Dar. Na mpaka leo video ikileta zogo, iwe Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) au mitandaoni, ugomvi ni sketi imeishia wapi. Dada anaweza kuvaa dera mpaka chini na bado kamera ikamfanya kiuno tu, na mwingine kavaa kaptula yuko katikati ya fremu anakutazama, ana jina, ana kazi kwenye hadithi. Rula ya kupimia sketi haiwezi kuona tofauti hiyo.

Nimeulizwa na kaka pale, kwahiyo tuache magari na mijumba? Hapana bwana, starehe haijamkosea mtu, wale wa Drum walivaa suti za bei wakati serikali inataka wavae ovaroli. Nachouliza mimi ni gari limepata sekunde ngapi kuliko mtu.

Na dada mwenye make-up ameuliza, kama dairekta ndo kashika mkasi yeye afanyeje. Dada yangu wewe una vitu viwili. Uko na yule binti kwenye kiti saa nzima kabla ya kamera, mwambie ukweli kuhusu shoti alizopangiwa, wengi wanaenda seti hawajui. Na cha pili, maelezo ya chini ya video YouTube yameandika prodyuza, dairekta, mpaka nani kakodisha gari, binti aliyebeba hadithi nzima hatajwi. Dai jina lake liandikwe, na lako. Hiyo haihitaji bajeti. Nani mwingine ana swali, we wa dirishani?