Sumaku Juu ya TV ya Chogo

Wazee wangu, mama zangu, na nyie mafundi mliojibanza kule nyuma kama mnaodaiwa, habari za jioni.

Wengi mnanijua tangu kile kibanda cha Mwanga, nilipokuwa nakarabati TV kabla sijaanza kufundisha sanaa. Leo nawaletea habari za mtu aliyeingia umaarufu kwa kuziharibu. Nam June Paik, Mkorea, alizaliwa Seoul mwaka 1932, akafia Marekani mwaka 2006. Mwaka 2019 jumba la sanaa la Tate Modern, London, lilikusanya kazi zake za maisha nzima. Wachambuzi waliandika kuhusu msanii. Mimi namuwaza fundi aliyeitwa kuziwasha.

Mnakumbuka mtoto akisogeza spika karibu na TV, rangi zinachafuka, kijani huku, zambarau kule, na baba anafoka kutoka chumbani? Paik alifanya hivyo kwa makusudi. Mwaka 1965 alipandisha sumaku kubwa juu ya TV, picha ikajikunja kama ua. Siri yenyewe mafundi mnaijua: ndani ya chogo kuna elektroni zinazofyatuliwa kuja kupiga kioo, na sumaku inazipinda njiani. Sasa chukua flati. Weka sumaku nzito uwezavyo, taarifa ya habari inaendelea kama kawaida! Kwa hiyo chogo kikifa, kazi ile imekufa nacho. Spea ya duka la jirani haiiokoi.

Lakini si kila kazi yake iko hivyo. Mwaka 1988, kule Korea, alisimamisha mnara wa TV 1,003, urefu mita 18 na ushee. Idadi hiyo ni tarehe 3 Oktoba, yaani mwezi wa 10, siku ya 03, siku yao ya kuasisiwa taifa. Mwaka 2018 ukazimwa, vyombo vimechakaa, usalama mashakani. Mafundi wakahangaika na spea za mitumba, wakafufua chogo zaidi ya 700. Zile ndogo za juu, zaidi ya 260, wakazibadilisha kwa vioo vya kisasa. Mwaka 2022 mnara ukawaka tena. Wapo wanaonung'unika kwamba umechakachuliwa. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi wangu uko hapa Ziwa Tanganyika.

Meli yetu ya Liemba ilikuja kwa vipande kutoka Ujerumani, ikaungwa hapahapa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha, ila kwanza wakazipaka injini grisi. Huyo aliyepaka grisi alikuwa anajua ataitaka tena! Ikaibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina tunalolijua. Miaka ya 1970 injini za mvuke zikang'olewa, zikafungwa za dizeli. Je, kuna mtu bandarini aliyesema hii siyo Liemba? Ingetupwa bodi tukabakiziwa injini, hapo tungekataa. Fundi wa maonyesho lazima ajue bodi ya kazi ni ipi. Kwa ile ya sumaku, bodi ni chogo. Kwa mnara, ni ule wingi wa picha unaokufanya uinue shingo.

Paik mwenyewe hakuwa na huruma. Mwaka 1982 jumba la Whitney, New York, lilimwandalia maonyesho kama yale ya Tate, angali hai. Akaitoa barabarani roboti yake ya mwaka 1964, akapanga igongwe na gari, watu wakitazama. Fundi wake, maskini. Nadhani mimi ningeacha kazi siku ileile.

Basi. Pale mlangoni nimeweka TV mbili za chogo na sumaku ya spika kuukuu. Watoto watangulie, wazazi msifoke. Ile ya kushoto nimeifungua nyuma ili muone tyubu: tazameni kwa macho tu, hata kama waya umechomolewa. Chogo hutunza umeme, na mkono wangu huu wa kulia unalijua hilo vizuri.