Beta ama Vita? Kondoo Kaingilia Kipindi

ZUHURA: Haya tuko hewani, na leo Deo salamu yako sitaki.

DEO: Dada Zu, umerudi juzi tu kutoka Ugiriki, hata zeituni hujaniletea, halafu unanuna?

ZUHURA: Zeituni gani, si wewe ulinitumia voisi noti za alfabeti ya Kigiriki nisikilize kwenye ndege? Sasa nipo Piraeus, mji wa bandari jirani na Athens, kaduka karibu na bandari, nataka siagi, naiona kabisa kwenye friji nyuma ya kaunta imeandikwa ΒΟΥΤΥΡΟ, nikavimba kichwa nikasema "buturo". Mama wa watu ananitolea macho. Nikarudia kwa sauti. Mwisho nikanyoosha kidole, akacheka, "aaa, vútiro!"

DEO: Lakini siagi ulipata.

ZUHURA: Pamoja na aibu. B yao ni V, na ile Y yao hapo wanaisoma I! Hata herufi yenyewe wanaiita vita.

DEO: Siku hizi. Zamani ilikuwa beta. Sie seminari tulisomeshwa matamshi ya Erasmus, yule msomi aliyeeleza Kigiriki cha kale kilivyotamkwa, kitabu chake kilitoka 1528.

ZUHURA: Erasmus Mholanzi? Mholanzi amfundishe Mgiriki Kigiriki?

DEO: Ushahidi upo bwana. Kuna kondoo.

ZUHURA: Kuna nini?

DEO: Cratinus, mtunzi wa vichekesho kule Athens, karne ya 5 kabla ya Kristo, kaandika kondoo analia βῆ βῆ. Kizamani inasomeka bee bee. Sasa isome kama mama wa siagi.

ZUHURA: Vi... vi vi. (anacheka) Deo, hiyo ni honi ya bajaji!

DEO: Ndo hapo sasa! Watu wanabadilika, kondoo habadiliki.

ZUHURA: Kwani wa kwetu si analia mee? Naye tumpe uprofesa?

DEO: Bee, mee, ni mdomo uleule unafunguka. Jaribu kufungua mdomo na "vi".

ZUHURA: Viiii. Basi nenda na kondoo wako dukani Piraeus uone kama mtapata siagi. Lugha ni ya wanaoiongea, na Mswahili ndo kabisa, sauti zao tunazo, dhahabu, thamani, Khamisi. Maziwa yao yameandikwa ΓΑΛΑ, nikasema ghala kama ghala la mahindi, nikapewa hapohapo! Wewe ungesema gala.

DEO: Ningesema gala kwa sababu aliyeandika kale alisema gala. Mimi nasoma wafu, sinunui maziwa.

ZUHURA: Wafu hawakusahihishi, ndo maana unawapenda.

DEO: Na mama wa siagi hawezi kukusomea Cratinus kondoo akaeleweka.

ZUHURA: Sikubali.

DEO: Hata mimi.

ZUHURA: Ona, dakika tatu zimebaki, na tuliahidi herufi zote 24 na kuandika pia.

DEO: Haraka basi, beta ndogo unaanzia chini ya mstari, unapanda, unashuka na vitumbo viwili, mkia unabaki unaning'inia. Halafu ile inayofanana na v ni n, na sigma ya mwisho wa neno ina...

ZUHURA: Muda, Deo. Tumeishia herufi ya pili.

DEO: Wiki ijayo tunaanza na gama, ile Γ ya maziwa yako.

ZUHURA: Ghama.

DEO: Gama.

ZUHURA: Viiii.