Kabla Zege Halijamwagwa: Maoni ya Mashabiki Katika Upanuzi wa Viwanja vya Mpira

(Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya wanafunzi wa fani ya ujenzi, viongozi wa klabu na wapenzi wa mpira)

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, walimu wangu, viongozi wa klabu, ndugu zangu na vijana mliofika jioni hii, nimeombwa nizungumze juu ya maoni ya mashabiki kuhusu michoro ya upanuzi wa viwanja vya mpira wa miguu, na nimekubali kwa furaha kwa kuwa wakati wake ndio huu. Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa kuandaa kwa pamoja fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Uwanja wa Amaan, kule Unguja, ulifunguliwa upya mwishoni mwa 2023 baada ya matengenezo makubwa, na hapa kwetu, katika Uwanja wa Gombani, Januari 2025, Kombe la Mapinduzi lilichezwa na timu za taifa, Zanzibar Heroes wakalitwaa kwa kuifunga Burkina Faso. Mazungumzo ya viwanja yamekuwa mengi barazani na ofisini. Hata hivyo, shabiki huulizwa maoni yake, kama ataulizwa, wakati ambapo hakuna tena kinachoweza kubadilika isipokuwa rangi ya viti.

Ninachotaka kukithibitisha mbele yenu ni kwamba malalamiko ya shabiki juu ya uwanja, hata yakiwa ya hasira, kwa kawaida ni kipimo. Anaposema mpira unachezwa mbali, anaposema jukwaa lake halinogi, anaposema jua linamtoa macho, kila neno lake lina mita zake, nyuzi zake au dakika zake, na mhandisi aliyesoma kazi yake anaweza kulichukua akalipima. Swali ambalo wakubwa hulipenda kuliko yote, la uwanja utaingiza watu wangapi, ndilo lenye uzito mdogo kwa aliyekwisha kukaa. Mei 2025, Simba walicheza na RS Berkane mechi ya pili ya fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika katika Uwanja wa Amaan, wenye nafasi za watu wapatao 15,000, yaani robo ya uwanja wa Mkapa wa Dar es Salaam. Matokeo yalikuwa sare ya bao moja kwa moja na kombe likaenda Morocco, lakini sijasikia mtu aliyekuwamo akilalamika kwamba uwanja ulikuwa mdogo. Waliolalamikia udogo ni waliokosa tiketi, na hao wana haki yao, ila hilo ni lalamiko la namna nyingine.

Naomba nikae kidogo kwenye suala la umbali, kwa sababu ndilo linalotugusa zaidi. Viwanja vyetu vikubwa vimezungukwa na njia ya riadha. Njia ya mita 400 yenye mistari minane ina upana unaokaribia mita 10, na ncha zake mbili zimepinda kwa nusu duara. Ukiuweka ndani yake uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68, shabiki wa pembeni aliyekaa safu ya kwanza atakuwa mita 12 hivi kutoka mstari, jambo linalovumilika. Yule wa nyuma ya goli, kwa sababu ya ule mpindo, atakuwa zaidi ya mita 35 kutoka mstari wa goli kabla hata kiti cha kwanza hakijawekwa. Ongeza urefu wa uwanja wenyewe, na goli la upande wa pili liko mita 140 kutoka machoni pake, naye yuko safu ya mbele kabisa. Wasanifu wa viwanja hupendekeza kwamba umbali wa mtazamaji na kona ya mbali usizidi mita 150, na mita 190 huhesabiwa kuwa ukomo. Sasa ukiamua kupanua kwa kuongeza safu 20 nyuma ya goli, kila safu ikichukua sentimita 80, umeongeza mita 16 nyingine. Viti vyote vya nyuma umevitoa nje ya kipimo kinachopendekezwa, ilhali aliyenunua tiketi ya kiti hicho hakuambiwa.

Waitaliano walilijua hili kwa gharama. Mjini Turin ulijengwa uwanja wa Delle Alpi kwa ajili ya Kombe la Dunia la 1990, wenye viti vilivyokaribia 70,000 na njia ya riadha ambayo haikutumika sana. Mashabiki wa Juventus, klabu iliyozoea kubeba vikombe, hawakuupenda tangu mwanzo, na msimu wa 2001/2002 mechi moja ya Kombe la Italia dhidi ya Sampdoria ilihudhuriwa na watu 237. Klabu hatimaye iliuvunja, na mwaka 2011 ikafungua hapo hapo uwanja wa viti 41,000, safu ya kwanza ikiwa mita saba na nusu tu kutoka mstarini. Klabu kubwa ilipunguza viti vyake kwa zaidi ya theluthi, na ule mdogo ukajaa. Nadhani mfano huu ungefaa kusomwa kabla ya kila kikao cha upanuzi.

Hata hivyo sitaki mtoke hapa mkidhani kwamba ninaitaka njia ya riadha ing'olewe. Amaan, tangu ulipofunguliwa mwaka 1970 kwa msaada wa China, haukuwa uwanja wa mpira peke yake. Ndipo linapopita gwaride la tarehe 12 Januari, ndipo vijana wanapocheza halaiki, na mbio za skuli zinahitaji mahali, sisi Wapemba tukiwa na wanariadha wa kujivunia. Shabiki wa mpira ni raia mmoja miongoni mwa raia wengi wenye haki na kiwanja cha umma. Kutokana na hilo ninachosema ni hiki: ikiwa njia ya riadha itabaki, basi upanuzi uende pembeni, ambako umbali ni mdogo, na usiende nyuma ya magoli kwa sababu tu huko ndiko kwenye ardhi tupu.

Jambo la pili ni jicho. Aliyekaa nyuma lazima mstari wa jicho lake upite juu ya kichwa cha aliye mbele hadi kwenye mstari wa uwanja ulio karibu naye. Kile kimo kinachobaki kati ya jicho la aliye mbele na mstari wa jicho la aliye nyuma yake, pale unapopita juu yake, ndicho wasanifu wanachokihesabu: sentimita 6 ni kiwango cha chini, sentimita 9 ni kizuri, na wanaokisia watazamaji wenye kofia hupanda hadi sentimita 15. Mnacheka, lakini fikirini. Je, michoro inayoletwa kwetu imekadiriwa kwa vichwa vya wapi? Jukwaa la Zanzibar siku ya mechi kubwa limejaa kofia za vito, na mama mwenye buibui amempakata mtoto magotini. Vijana wa fani ya ujenzi, hili ni swali halali la kumuuliza mkandarasi yeyote, awe wa Uturuki, China au Unguja.

Hapa ndipo shabiki naye anapojipinga mwenyewe, na tusimwonee haya kumwambia. Anataka kuwa karibu na uwanja, na anataka kuona vizuri. Ukivijumuisha viwili hivyo, jukwaa halina budi kusimama wima zaidi, kwa sababu kadiri unavyosogea karibu ndivyo kila ngazi inavyotakiwa kuinuka. Miongozo ya Uingereza inaweka ukomo wa nyuzi 34. Kijana hufurahia mwinuko huo, lakini mzee wa miaka 70 anayeupanda bila ya mkono wa kushikilia anajiona kama yumo juu ya mkarafuu. Basi maoni ya "mashabiki" si maoni ya mtu mmoja, na ukiwauliza vijana wa maskani peke yao utapata jukwaa ambalo baba zao hawatalipanda.

Paa nalo lina mgongano wake. Mechi zetu za alasiri huanza saa kumi, na katika latitudo yetu ya nyuzi tano hivi kusini mwa ikweta jua huzama mwaka mzima muda mfupi baada ya saa kumi na mbili, likishuka haraka. Anayeangalia magharibi hulikabili kipindi chote cha pili, na paa lililo juu ya kichwa chake halimsaidii kitu, kwani jua limekwishashuka chini ya ukingo wake. Kinachomsaidia ni kukaa upande wa magharibi, jua likiwa mgongoni, na ndiyo maana jukwaa kuu hupendelewa kuwekwa huko. Mvua ya masika nayo ikisukumwa na upepo huingia kwa ubavu na kurowesha safu za mbele hata zilizofunikwa. Mtu anapokwambia kwamba analoa na paa analo, usimpinge. Nenda kasimame pale alipokaa, siku ya mvua. Paa lisilo na nguzo ni ghali, lenye nguzo ni rahisi lakini huziba macho, na uamuzi huo wa fedha shabiki ana haki ya kuelezwa wazi kabla ya kuulizwa analitaka lipi.

Yapo mengine ambayo hayahitaji hesabu ndefu: mabomba ya kutilia udhu na mahali pa kusalia panapowatosha watu kwa mkupuo, kwa kuwa filimbi ya mwisho ya mechi ya jioni na adhana ya Magharibi hukaribiana; vyoo vya wanawake vilivyo mbali na vya wanaume, vyenye mwanga; na njia ya kiti cha magurudumu isiyoishia kwenye ngazi tatu. Hayo hayapaswi hata kuitwa maoni.

Wengi wenu hapa, najua, mnaijua Anfield kuliko mnavyoijua barabara ya Konde, kwa hiyo niitumie. Liverpool walifungua jukwaa kuu jipya Septemba 2016, wakaufikisha uwanja kwenye watu 54,000 hivi, kisha wakapanua upande wa Anfield Road na kuupandisha hadi karibu 61,000, kazi iliyochelewa baada ya mkandarasi kufilisika mwaka 2023. Mashabiki walikuwa na mengi ya kusema juu ya michoro, kutoka hofu ya kupoteza sauti yao ndani ya jengo kubwa hadi masikitiko juu ya mitaa ya nyuma, ambako nyumba zilikaa tupu miaka mingi zikisubiri kubomolewa. Lakini kilichowainua vitini ni bei. Februari 2016, klabu ilipotangaza kwamba tiketi ya ghali zaidi katika jukwaa jipya itakuwa pauni 77, maelfu waliondoka uwanjani dakika ya 77 ya mechi dhidi ya Sunderland, timu yao ikiongoza mbili bila. Mechi iliisha mbili kwa mbili, na baada ya siku chache wenye klabu waliirudisha nyuma bei hiyo na kuomba radhi.

Nalileta hili kwa sababu bei ni sehemu ya mchoro. Anayechora jukwaa lenye vyumba vya wageni wa heshima katikati na viti vya kawaida pembeni amekwishaamua nani atakaa wapi kwa miaka 50 ijayo. Watu wetu wanayataja majukwaa ya Amaan kwa majina, Urusi, Orbit na mengineyo, na kila jina lina kiingilio chake na watu wake. Upanuzi unaomhamisha mtu wa kiingilio cha chini kutoka pembeni kwenda pembe ya mbali umebadilisha haki yake, ingawa kwenye karatasi idadi ya viti imeongezeka.

Nimalizie na milango, ambayo mashabiki huitaja mara chache hadi siku ya msiba. Katika mahesabu ya usalama, njia tambarare yenye upana wa mita moja hupitisha watu 82 kwa dakika, na jukwaa linatakiwa kumwaga watu wake kwa dakika nane. Kwa watu 15,000, hiyo ni milango yenye jumla ya mita 23, yote ikiwa wazi. Ukifunga mmoja kwa ajili ya kurahisisha ukaguzi wa tiketi, hesabu yote imevunjika. Tarehe 24 Januari 2022, katika Uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, uliokuwa mpya kabisa, watu wanane walikufa langoni katika msongamano kabla ya mechi ya Kameruni na jirani zetu wa Komoro. Wanaoujua mlango unaosongamana ni wanaoupita kila wiki, pamoja na wauza njugu na wauza maji wanaokaa nje yake tangu mchana, na sijaona bado kikao cha upanuzi kilichowaita.

Namna ya kuwauliza si ngumu. Kabla zege halijamwagwa, seremala ajenge kwa mbao safu nne za jukwaa kwa vimo halisi vya mchoro, ziwekwe mahali pa wazi, na watu wakalie: mwenye kofia mbele ya mfupi, mama na mtoto, mzee na bakora yake. Waulizwe wakiwa wamekaa, na majibu yaandikwe kwa jina la jukwaa na safu, yasichanganywe yote pamoja kama kura. Mahali pa kuwafuata wengine ni kule kwenye kahawa, baada ya Isha, kwa sababu kikao cha hotelini saa tatu asubuhi huwapata wanaolipwa posho. Na mchoro utakaporudi, uonyeshe wazi ni lipi lililobadilika kutokana na majibu yao na ni lipi lililokataliwa, pamoja na sababu yake, hata ikiwa sababu ni fedha.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Nakaribisha maswali, na ningependa kuanza na wale wa safu za nyuma kabisa, kama wanasikia.