Jinsi ya kuzunguka baa za Sinza na mwenzako na kuzipa alama

Karibuni sana. Leo tuko Sinza, Dar es Salaam, pembeni ya barabara ya Shekilango, saa kumi na mbili jioni. Niko na swahiba wangu, na tunawaonyesha tunavyozipa baa alama. Gari tumeliacha nyumbani. Kurudi ni bajaji.

Kwanza, chagueni baa tatu, zisizidi. Ukifika ya nne ulimi umeshachoka na alama unagawa kwa huruma.

Pili, agizeni kitu kilekile kila mnapokaa. Mimi bia ya Safari, chupa moja ya nusu lita. Mwenzangu hatumii pombe, anaagiza soda ya Stoney, na ndiyo maana namwamini: baa ya tatu bado macho yake ni makali. Kisha nusu kilo ya mbuzi, tunakula wote. Ukinywa Safari hapa na Kilimanjaro kule, unalinganisha bia, hulinganishi baa.

Sasa tazameni mezani. Mhudumu kauliza, "Ya baridi au ya moto?" Alama hiyo. Chupa imekuja na kizibo chake, anaifungua mbele yetu, jasho linaitiririka. Ikiletwa imeshafunguliwa, irudishe kwa upole.

Nyama usiisubiri umekaa. Nyanyuka, nenda kwa mchomaji, chagua pande lako, simama hapo mzani ukisomwa. Mimi huomba mbavu. Ije kwenye sinia, na kachumbari, limao, pilipili, chumvi pembeni. Lakini kabla ya nyama kuna maji ya kunawa. Angalieni huyu dada: birika la maji ya uvuguvugu, sabuni, beseni, anamimina taratibu asituloweshe nguo. Kwangu hilo linashinda spika kubwa. Muziki, mkisikilizana bila kupayuka, inatosha.

Choo kikagueni mara mbili, mkifika na tena kabla ya kuondoka, watu wakishajaa. Maji, taa, komeo. Mwenzangu ni mwanamke, na upande wao anaingia yeye.

Chupa tupu zisiondolewe mpaka bili ije. Zihesabuni pamoja na mhudumu, msizidishiwe ninyi wala asipunjwe yeye.

Alama sasa. Kila mtu aandike zake kwenye simu, juu ya 10, kimya, kabla hamjasemezana. Ukishamsikia mwenzako anasifia, na wewe utasifia.

Baa hii nimeipa 8. Yeye kaipa 5. Nimemuuliza kulikoni, kanionyesha picha aliyopiga: mlango wa choo cha wanawake hauna komeo, umefungwa kwa kipande cha kamba. Hatubadilishi alama, wastani ni 6.5, ndio mnaouona kwenye skrini. Meneja tumemwambia, kaandika kwenye daftari lake. Mwezi ujao tunarudi, Safari moja, Stoney moja, nusu kilo, na moja kwa moja mwenzangu anaanzia kwenye ule mlango.