Ufunguo wa Friji ya Leba

Wauguzi wenzangu, asanteni kwa kunialika Kisumu. Najua wengine mmetoka zamu ya usiku na bado hamjalala.

Nikisikia kwamba wauguzi hawapendi mambo ya ubora, yaani kuboresha huduma, huuliza: ubora upi? Wengi wetu tulijuana nao kupitia fomu. Mwongozo wa ubora wa wizara una yale mambo matano ya Kijapani ya kuweka mahali pa kazi katika utaratibu, kuanzia kuchambua na kupanga vitu, na ni mazuri kweli. Shida ni kwamba lebo hubandikwa wakaguzi wakija, na wakiondoka zinabanduka. Muuguzi aliyeachiwa wadi nzima peke yake ataona ameongezewa kazi tu, nami simlaumu.

Usiku mmoja nilikuwa leba, katika hospitali nisiyoitaja. Mtoto alizaliwa salama. Sindano ya oksitosini, yuniti 10, ya kumkinga mama asitokwe na damu nyingi, inatakiwa ndani ya dakika moja. Sote tulilijua hilo. Dawa ilikuwa kwenye friji, friji imefungwa, ufunguo uko mfukoni mwa sista aliyekwenda maabara. Nilikimbia koridoni huku nikimwita. Niliporudi, shuka ilikuwa imelowa damu hadi miguuni. Mama yule alipona, namshukuru Mungu, lakini sijazisahau dakika zile. Maarifa tulikuwa nayo. Ufunguo ndio tuliokosa.

Asubuhi hatukungoja kamati. Tulipigilia msumari kando ya friji, ufunguo ukatundikwa hapo, na trei ya dharura ikawa inahesabiwa kila zamu inapopokezana. Hakuna aliyeita jambo hilo ubora.

Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti kuhusu kutokwa na damu baada ya kujifungua, katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Badala ya kukisia damu kwa macho, wakunga walimwekea mama mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, na damu ikizidi walimpa matibabu yote kwa pamoja. Waliotokwa na damu vibaya sana, kupasuliwa kwa sababu hiyo au kufariki walipungua kwa asilimia 60. Kazi hiyo ilifanywa na mikono kama yenu.

Msumari hauzibi pengo la wauguzi. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, na kuajiriwa kwa wenzetu tutaendelea kukudai.

Ila mainchaji, wasimamizi wa wadi, mlio hapa, kabla ya kugawa fomu nyingine, nendeni wadini saa nane usiku. Muulizeni aliye zamu ni kitu gani kinamkwamisha, halafu mpeni ruhusa akibadilishe usiku uo huo.