Daftari la Mangi

Shikamooni wakubwa zangu. Ndugu wanafunzi, habari za asubuhi.

Nilipokuwa mdogo Dar es Salaam, karibu kila jioni nilitumwa dukani. "Mangi, mama amesema umpe sukari robo na mafuta ya taa, uandike." Mangi kwa Wachagga ni mtawala, lakini mjini jina hilo limemkaa kila mwenye duka la mtaani, hata akiwa Mkinga wa Makete. Alinitazama usoni tu, akachomoa daftari lililokunjamana pembe, akaandika. Mama hakuwa na akaunti benki. Alikuwa na ukurasa wake pale.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi katika msemo huo hulisikia zaidi neno la mwisho, habari. Ukurasa ule ulijua mshahara wa nani umechelewa na nyumba ipi ina mgonjwa. Ukitokea msiba, mchele na sukari ya kwanza vilitoka dukani kabla mchango haujapitishwa, na hakuna aliyeulizwa atalipa lini. Mangi alikopesha kwa sababu anamjua mtu, na alimjua kwa kuishi naye.

Mwaka 1976 serikali yetu iliendesha Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, ya ushirika yashike nafasi yake. Nia ilikuwa kumkinga mnyonge, na wenye maduka waliochezea mizani walikuwapo kweli. Dhuluma hiyo siitetei. Lakini kwingi maduka ya zamani yalifungwa kabla mapya hayajawa tayari, watu wakahangaikia mahitaji ya kila siku, na operesheni ikasitishwa. Kwa maoni yangu, waliopanga waliona rafu na bidhaa, daftari hawakuliona. Duka jipya hata lilipopata sukari, lingejuaje nani hulipa akishauza pamba, na nani ana neno lisilovunjika?

Sasa tazameni fedha za simu. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, ilihitaji mawakala, na wengi wao walikuwa wenye maduka. Bibi asiyejua kusoma alimkabidhi simu yake, kupitia dirisha lile lile lenye nondo, mtu aliyekwisha kumwamini kwa chumvi na kiberiti. Imani hiyo haikujengwa na kampuni yoyote ya simu. Ilikuwapo miaka mingi kabla ya minara.

Nina ombi kwa mnaosoma historia. Nyaraka za serikali zinatuambia nini kiliamriwa. Familia zilikula nini mwezi mgumu, na nani aliwasitiri, hayo yamo kwenye madaftari ambayo kurasa zake huishia kufungia karanga. Duka la karibu nanyi likifungwa, nendeni mkaulize daftari liko wapi. Majina yafunikeni, maana deni ni siri ya mtu. Tarehe, bei na vipimo viacheni kama vilivyoandikwa.