Kihisi Kijue Gesi Ipi Imekigusa

Walimu wenzangu na wanafunzi, tangu Naoyoshi Taguchi alipobuni kihisi gesi (kifaa kinachotambua gesi iliyomo hewani) cha oksidi ya bati kule Japani mwaka 1962, tatizo ni lile lile. Kihisi hiki huinasa gesi upesi. Kubagua ni gesi ipi ndiko kunakokishinda.

Kwenye joto la nyuzi 200 hadi 400 za Selsiasi hivi, oksijeni ya hewani hunata juu ya chembe za oksidi na kuzinyang'anya elektroni, ukinzani wa umeme unapanda. Ikija methani, kaboni monoksidi au mvuke wa spiriti, huila ile oksijeni, elektroni zinarudi, ukinzani unashuka. Tunachosoma ni namba moja tu, na namba hiyo haisemi nani kaila.

Najua wengi wenu mtakimbilia kompyuta: vihisi kadhaa vipangwe pamoja, programu isome tofauti zao. Watafiti Persaud na Dodd walionyesha njia hiyo Uingereza mwaka 1982, nami naiheshimu. Lakini vihisi huzeeka, kila kimoja kwa mwendo wake, na programu iliyofunzwa kwa vihisi vipya hupotea. Tuanze na kemia.

Chukueni haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza inayoua watu ndani ya mashimo ya maji taka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kikundi cha Noboru Yamazoe cha Chuo Kikuu cha Kyushu kilichanganya oksidi ya bati na oksidi ya shaba. Chembe hizo mbili zinapogusana, elektroni hupita kwa taabu, ukinzani huwa mkubwa mno. Gesi ile ikifika, oksidi ya shaba hugeuka salfaidi ya shaba, ambayo hupitisha umeme vizuri. Kizuizi kinavunjika na ukinzani unaporomoka. Methani haina salfa, haiwezi kuleta badiliko hilo. Huu ndio ubaguzi ninaoutaka: umo ndani ya kihisi chenyewe.

Gesi nyingi hazitupi bahati hiyo, ndipo tunapotumia joto. Kihisi cha kaboni monoksidi kiitwacho MQ-7 hupashwa joto kwa volti 5 sekunde 60 kijisafishe, kisha volti 1.4 sekunde 90, na kaboni monoksidi husomwa katika ubaridi ule. Ukikiacha kwenye volti 5 muda wote, umeutupa uwezo wake wa kubagua. Na kama adui ni mvuke wa spiriti kwenye kihisi cha methani, funika mdomo wake kwa kichujio cha mkaa amilifu: mkaa hunasa spiriti, methani inapita.